KADI YA HOSPITALI SI ZAWADI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi letu katika mkutano wa baada ya kazi. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa njiani na treni siku ile.)



Twashukuru kwa kuwa mmekuja wengi. Twajua wengine wenu mmetoka zamu ya usiku na hamjalala, na wengine mmeacha chakula mezani. Hatutawachosha kwa maneno ya mapambo. Sisi tunaosimama hapa ni watu wa karakana na watu wa njia, si mawakili. Elimu yetu ni ile ya shule ya msingi ya misheni, ambako mwalimu alitufundisha kusoma, kuandika na kujumlisha. Lakini jambo la leo halihitaji zaidi ya hayo matatu.

Nyote mmeiona barua iliyobandikwa ubaoni karibu na mlango wa karani. Tajiri wetu asema kwamba mwaka huu hataongeza mshahara, ila ataongeza kadi ya hospitali. Kikomo cha kulazwa kitapanda, na macho na meno yataingia. Barua ilipobandikwa, tulisikia vigelegele. Mmoja wetu alisema, "Leo tajiri ametukumbuka." Mwingine akasema, "Chama kitie sahihi upesi kabla hajabadili nia."

Basi kamati imetutuma tuseme nanyi kabla ya kura. Hatukuja kuwaambia mkatae. Hatukuja kuwaambia mkubali. Tumekuja kuwaomba mhesabu kwanza. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na kadi hii, ndugu zetu, ni mali. Tena ni mali yetu.

KADI NI KITU CHEMA

Tuanze kwa kusema kweli. Kadi ya hospitali ni kitu chema, na ye yote asiyeona wema wake hajapata kuuguliwa na mtoto usiku wa manane. Tuna mwenzetu hapa, gadi wa treni, ambaye mtoto wake alishikwa na homa ya mapafu wakati baba yuko safarini. Mama alimfunga mtoto mgongoni, akachukua kadi, akaenda. Hakuulizwa amana. Hakupiga simu kwa shemeji. Asubuhi mtoto alikuwa ametundikiwa dawa, na baba alipofika stesheni alipata habari ya uzima. Zamani, kabla ya kadi, mama yule angelizunguka nyumba kwa nyumba akikopa, na pengine angelifika hospitali akiwa amechelewa.

Tena kadi ina faida moja ambayo wengi hawaijui. Ukiongezwa mshahara wa shilingi 2,000, hazikufikii zote. Kodi ya mapato huchukua sehemu yake, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya serikali huchukua yake, na asilimia 1.5 ya nyumba huchukua yake. Lakini bima ya matibabu ambayo tajiri amemlipia mfanya kazi wake wa kudumu, sheria ya kodi ya Kenya haiihesabu kama mapato yako. Haikatwi kodi. Kwa hiyo shilingi 2,000 za kadi ni kamili, na shilingi 2,000 za mshahara huja zimepungua. Hilo ni kweli, na mtu akileta hesabu ya upande mmoja tu anawadanganya.

Basi kama ni chema, mbona twasema tusikimbilie? Kwa sababu kitu chema chaweza kuuzwa kwa bei mbaya. Na mtu asiyejua kwamba ananunua hawezi kuuliza bei.

WENZETU WA RELI WA MAREKANI

Twende mbali kidogo, halafu turudi nyumbani. Katika nchi ya Marekani mambo haya ya bima ya tajiri yameendelea kuliko po pote, na wafanya kazi wa reli walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuyaonja. Mwishoni mwa miaka ya 1860 kampuni ya reli ya Central Pacific ilifungua hospitali ya wafanya kazi wake mjini Sacramento, katika California. Hospitali iliitwa ya kampuni. Lakini kila mfanya kazi alikatwa nusu dola kwa mwezi katika mshahara wake ili kuitunza. Mwaona? Jina mlangoni ni la tajiri, fedha ndani ni za fundi.

Mwaka 1929 walimu wa shule katika mji wa Dallas, Texas, walipatana na hospitali ya Baylor. Kila mwalimu alitoa nusu dola kwa mwezi, na akiugua alilazwa hadi siku 21 bila kudaiwa. Hapo hapakuwa na siri. Walimu walijua wanatoa nini, na walijua wanapata nini.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1942 serikali ya Marekani ilizuia mishahara isipande, ili bei za vitu zisipande nazo. Lakini bima ya matibabu haikuhesabiwa kama mshahara. Matajiri walikuwa na haja ya watu, na watu walikuwa haba. Basi kwa kuwa hawakuruhusiwa kuwavuta kwa fedha, waliwavuta kwa bima. Vita vikaisha, desturi ikabaki. Mwaka 1954 sheria ya kodi ya nchi ile ikathibitisha kwamba bima hiyo haitatozwa kodi, na tangu hapo ikaota mizizi.

Sasa tazameni ilikofika. Kuna shirika la utafiti huko liitwalo KFF, ambalo hupima jambo hili kila mwaka. Mwaka 1999 bima ya jamaa moja kupitia kwa tajiri iligharimu, kwa wastani, dola 5,791 kwa mwaka. Mwaka 2024 iligharimu dola 25,572. Imezidi mara nne. Katika hizo za mwaka 2024, mfanya kazi alikatwa waziwazi dola 6,296, na zilizobaki, dola 19,276, zikaandikwa kwa jina la tajiri.

Hapo ndipo twataka msikilize sana. Hizo dola 19,276, ni nani alizilipa? Wachumi wengi wa huko husema kwamba kwa sehemu kubwa zilitoka katika mshahara ambao mfanya kazi angelipewa. Tajiri hatazami mshahara peke yake. Yeye hutazama jumla: mtu huyu ananigharimu kiasi gani kwa mwaka, mshahara, bima, pensheni na vingine? Bima ikinenepa, mshahara hukonda. Fungu ni lile lile, limegawanywa tu katika mifuko miwili, mmoja umeshonwa kwa ndani usiuone.

Na bado kuna jambo la pili. Bima iliyofungwa katika kazi huondoka pamoja na kazi. Mmarekani akipoteza kazi aweza kuendelea na bima ile kwa muda, kwa kawaida miezi 18, kwa sheria ya miaka ya 1980. Lakini sasa hulipa bei yote yeye mwenyewe, pamoja na sehemu iliyokuwa ya tajiri, na juu yake nyongeza ya asilimia 2. Fikirini: siku mshahara umekatika, ndiyo siku bei imepanda. Hivyo wengi huko hushikilia kazi isiyowafaa, kwa kuwa mke ni mgonjwa na bima iko kwa tajiri yule.

TURUDI NYUMBANI

Hapa Kenya Bima ya Taifa ya Hospitali ilianzishwa mwaka 1966. Wakati ule iliwashika wale waliopata mshahara wa shilingi 1,000 kwa mwezi na kupita, nao walikatwa shilingi 20. Baadaye milango ikafunguliwa kwa wengine. Kuanzia mwaka 2015 tulikatwa kwa madaraja, na mkubwa wa wote alikatwa shilingi 1,700, hata kama mshahara wake ulikuwa milioni. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mfuko ule umeondoka, na umekuja wa Bima ya Afya ya Jamii. Sasa kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya kodi, isipungue shilingi 300, wala haina kikomo cha juu.

Mwenye shilingi 20,000 alikuwa akikatwa 750, sasa akatwa 550. Mwenye 40,000 alikuwa akikatwa 1,000, sasa akatwa 1,100. Mwenye 100,000 alikuwa akikatwa 1,700, sasa akatwa 2,750. Kwamba mwenye kidogo atoe kidogo, na mwenye kingi atoe kingi, hatulalamiki juu ya kanuni hiyo.

Lakini angalieni jambo moja kwenye karatasi yenu ya mshahara. Katika akiba ya uzeeni, tajiri hutoa sehemu yake kando ya sehemu yako. Katika makato ya nyumba, wewe watoa asilimia 1.5 na tajiri atoa 1.5. Katika bima ya afya ya serikali, tajiri hatoi hata senti. Kazi yake ni kukata kwako na kupeleka. Jirani zetu wa Tanzania walipofanya mfuko wa afya wa watumishi wa serikali, kwa sheria ya mwaka 1999, walipatana mfanya kazi atoe asilimia 3 na mwajiri 3. Wajerumani walianza mwaka 1883: mfanya kazi alitoa mafungu mawili na tajiri fungu moja, na kwa kuwa mfanya kazi alitoa zaidi, alikuwa na kura zaidi katika baraza la mfuko. Baadaye wakaja kugawana nusu kwa nusu. Mtu anayetoa fedha akae mezani. Hiyo ndiyo kanuni, na si ya uchochezi.

Basi tajiri wetu anapojisifu kwa kadi yake, tumkumbushe kwa heshima kwamba katika bima ya lazima hakuombwa kitu. Kadi hii ya pili ndiyo mahali pake pa kusaidia, na twamshukuru kwa kusaidia. Lakini shukrani haizuii hesabu.

HESABU YA UBAONI

Sasa tuchukue chaki. Hizi si hesabu za ofisi, kwa kuwa ofisi bado haijatupa. Ni mfano tu, ili tuone njia.

Tuseme kadi ya sasa humgharimu tajiri shilingi 60,000 kwa mwaka kwa kila mfanya kazi na jamaa yake. Hiyo ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Tuseme kadi mpya itagharimu 84,000, yaani 7,000 kwa mwezi. Tofauti ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Tuseme mfanya kazi apata mshahara wa 40,000. Shilingi 2,000 ni asilimia 5 ya mshahara wake. Kwa mfano huu, tajiri anayesema "hakuna nyongeza, lakini kuna kadi" ameikata nyongeza ya asilimia 5 na kuipeleka kwa kampuni ya bima kwa niaba yako. Pengine amefanya vema. Lakini hakukupa zawadi. Amekununulia kitu kwa fedha zako.

Tukaulizane: shilingi 2,000 za mshahara na shilingi 2,000 za kadi ni sawasawa? Tumekwisha sema kwamba za kadi hazikatwi kodi. Huo ni uzito wa upande wa kadi. Upande wa pili ni huu. Overtaimu huhesabiwa juu ya mshahara, haihesabiwi juu ya kadi. Malipo ya likizo na kiinua mgongo huhesabiwa juu ya mshahara. Akiba ya pensheni huhesabiwa juu ya mshahara. Nyongeza ya mwaka ujao hupandishwa juu ya mshahara wa mwaka huu, kama tofali juu ya tofali. Kadi haina tofali la juu. Mwaka ukiisha, imekwisha, hata kama hukuugua siku moja.

Tena bei ya bima haikai mahali pamoja. Kila mwaka kampuni ya bima hutazama: watu hawa walitumia kiasi gani? Kama walitumia sana, bei hupanda. Tuseme mwaka ujao ile 84,000 inapanda kwa asilimia 10. Hizo ni shilingi 8,400 zaidi, au 700 kwa mwezi, wala hakuna kidonge kimoja kilichoongezwa. Ni nani atakayezitoa? Kama haikuandikwa, mwaka ujao mtasikia tena, "Hakuna nyongeza, bima imepanda." Na mwaka wa tatu mtasikia, "Sasa mfanya kazi achangie kidogo kila anapomwona daktari." Hivyo ndivyo ilivyokwenda Marekani, hatua kwa hatua, bila kelele.

HABARI YA MWENZETU WA KARAKANA

Ndugu zetu, sasa tutasema habari ambayo si ya chaki. Mwenyewe ametupa ruhusa, ila ameomba tusitaje jina lake. Wengi mwaijua. Yalitokea kazini mwake pa zamani, kabla hajaja kwetu, na baadhi yetu tulikuwa naye huko.

Mwenzetu huyu alibanwa mkono na chombo cha kazi, ndani ya saa za kazi, akiwa amevaa nguo za kazi. Vidole viwili vilivunjika. Alipelekwa hospitali mbio, na pale mlangoni aliulizwa kadi. Alitoa kadi. Alipasuliwa, akalala siku chache, akatoka. Gharama ikawa kama shilingi 90,000. Sote tulisema, "Kadi imemwokoa." Hata sisi wa kamati ya wakati ule tulisema hivyo hivyo.

Miezi sita baadaye mkewe aliugua tumbo ghafula. Akapasuliwa, na kidonda kikaharibika, ikabidi apasuliwe tena. Siku ya kumi na moja karani wa hospitali alimwita mwenzetu kando, akamwambia, "Mzee, kadi yako imekwisha." Hakuelewa. Alidhani kadi imepitwa na tarehe. Akaelezwa kwamba kikomo cha kulazwa ni shilingi 300,000 kwa mwaka kwa jamaa nzima, si kwa kila mtu, na kwamba 90,000 zilikwisha tumika kwa mkono wake. Kufika siku ya kutoka alidaiwa shilingi 180,000 mkononi. Mama alikuwa amepona, amekaa kitandani na kitambaa chake kichwani, lakini hakuruhusiwa kwenda nyumbani. Kila siku aliyokaa ilikuwa deni jipya.

Tulipitisha kofia. Mafundi walitoa, watu wa njia walitoa, hata wapika chai wa langoni walitoa. Haikutosha. Mwenzetu akakodisha shamba la baba yake kwa misimu mitatu, na mtoto wake wa pili akakaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo.

Sasa sikilizeni ni wapi tulipokosa. Katika nchi hii iko Sheria ya mwaka 2007 juu ya manufaa ya mfanya kazi aliyeumia. Sheria hiyo yataka kila tajiri awe na bima ya ajali za kazini, na yasema gharama ya matibabu ya aliyeumia kazini ni juu ya tajiri. Si juu ya kadi ya jamaa. Zile shilingi 90,000 za vidole hazikupasa hata kidogo kutoka katika kikomo cha mke na watoto. Kama zingalibaki mahali pake, deni la mwenzetu lingalikuwa 90,000, nusu ya lile, na pengine kofia yetu ingalitosha.

Hakuna aliyeuliza. Tajiri yule hakusema, na sisi hatukuuliza. Tulikuwa tumefurahi mno kwa kadi. Twalisema jambo hili mbele yenu si kwa kumlaumu mtu, bali kwa sababu na sisi tuna sehemu ya lawama. Mwanakamati asiyesoma karatasi ni sawa na dreva asiyetazama taa ya ishara. Treni inakwenda, lakini hajui inakwenda wapi.

NA SISI TUNA WAJIBU

Kabla hatujamnyoshea tajiri kidole, tujitazame. Wako kati yetu wanaowaazima ndugu zao kadi. Ndugu ni mgonjwa, hana kitu, na moyo wa Mwafrika haukatai. Twaelewa. Lakini aliyetibiwa kwa kadi ya wizi ametibiwa kwa fungu la wenzako wote, na bei itakapopanda mwaka ujao, itapanda kwa wote. Tena likijulikana, ni kufukuzwa kazi, na chama hakitakuwa na la kusema.

Wako wanaokwenda kwa daktari kila Jumatatu kutafuta karatasi ya kupumzika. Wako wanaodai sindano wakati daktari amesema maji na usingizi. Na ziko hospitali ambazo zikiona kadi nono huandika vipimo sita mahali pa viwili. Ukiona hivyo, uliza: kipimo hiki ni cha nini? Soma karatasi kabla ya kutia sahihi. Sahihi yako ndiyo fedha.

MASWALI MATANO

Basi tufanye nini? Kamati yataka ruhusa yenu kwenda mezani na maswali matano. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

La kwanza: Kadi mpya itagharimu kiasi gani, shilingi kwa shilingi, na ya zamani iligharimu kiasi gani? Tusiogope kuuliza hili. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 yasema mwajiri atakipa chama habari zote zinazohusu mapatano, ili chama kiweze kusema kwa ajili ya wafanya kazi. Bei ya kadi ni habari ya namna hiyo. Si siri ya ofisi.

La pili: Kikomo ni cha nani? Cha kila mtu, au cha jamaa nzima? Uzazi una kikomo chake? Na magonjwa ya kudumu, kama sukari na shinikizo la damu, yamewekewa kiasi gani? Kwa kuwa kikomo kikubwa kilichoandikwa kwa herufi kubwa chaweza kuwa na vikomo vidogo kumi vilivyoandikwa kwa herufi ndogo.

La tatu: Ajali ya kazini itaandikwa wapi? Twataka iandikwe wazi ya kwamba mfanya kazi aliyeumia kazini hataulizwa kadi ya jamaa yake, na kama aliulizwa kwa haraka ya siku ile, fedha zirudishwe katika kikomo chake.

La nne: Nani ameachwa nje? Vibarua wa genge, ambao wametengeneza njia pamoja nasi mwaka wa tatu sasa, hawana kadi. Na wazee hawa walioketi mbele, waliofanya kazi miaka thelathini, kadi zao zilichukuliwa siku ile ile waliyopewa saa ya mkononi na kushikwa mkono. Mtu huugua zaidi akiwa na miaka 25 au akiwa na 65? Twaomba angalau mwaka mmoja wa kadi baada ya kustaafu, na vibarua wa muda mrefu waingizwe.

La tano: Bei ikipanda mwaka ujao, nani ataibeba? Iandikwe. Na iandikwe kwamba wawakilishi wetu wawili watakaa katika kamati ya kuchagua kampuni ya bima na kuitazama hesabu kila mwaka. Tumekwisha sema: anayetoa fedha akae mezani.

Majibu yote matano yaingie katika Mapatano ya Pamoja, si katika barua ya ubaoni. Barua ya ubaoni yaweza kubanduliwa na upepo. Mapatano yaliyosajiliwa katika Mahakama ya Kazi hushika pande zote mbili, na huwa sehemu ya mkataba wa kila mfanya kazi aliyehusika.

MWISHO

Ndugu zetu, pengine baada ya kupata majibu mtaona kwamba kadi ni bora kuliko nyongeza mwaka huu. Mwenye watoto watano wadogo aweza kuona hivyo. Pengine mtaona afadhali nusu kadi na nusu mshahara. Kijana asiye na mke aweza kuona hivyo. Hilo ni lenu kuamua, kwa kura, mkono kwa mkono. Lakini mwamue mkijua kwamba mnagawanya fungu lenu wenyewe. Mtu anayepokea zawadi huinamisha kichwa na kusema asante. Mtu anayepokea mshahara huhesabu noti mbele ya karani, na hakuna anayemwita mkosefu wa adabu. Twawaomba mwihesabu kadi kama mnavyohesabu noti.

Na kwa tajiri wetu, kama gazeti hili litamfikia, nasi twajua humfikia, twasema hivi: hatukudharau ulichotoa. Tumekithamini hata tukataka kukijua chote. Tufungulie daftari, tukae, tuhesabu pamoja.

Mwenzetu yule wa karakana amelirudisha shamba la baba yake mwaka uliopita. Mkewe ni mzima, na mtoto wa pili amerudi shuleni. Leo ameketi pale nyuma, karibu na mlango, na mkono wake wenye vidole vilivyopinda umeshika daftari. Ameandika yale maswali matano. Nanyi yaandikeni. Karatasi za wasio na daftari ziko kwa Katibu.

Kura ni Ijumaa, baada ya king'ora cha saa kumi. Aliye zamu ampe mwenzake neno lake kwa maandishi. Umoja wetu ndio bima ya kwanza.